Fundi wa Dakika Mbili

"Dakika mbili tu, mama," husema fundi wa kompyuta, na Mwanabaraka amezisubiri tangu adhuhuri. Mawaidha aliyoyarekodi marehemu mumewe yamo kwenye kompyuta kuukuu ya Linux, isiyosoma tena flashi. Laptopu ya Windows, itakayotumika kuyasikiliza kwenye arobaini yake baada ya alasiri, haiioni kabisa kwenye mtandao wa nyumba. Fundi anapuliza waya usio na vumbi, anafuta kidole kimoja kwenye suruali, anatikisa kichwa kama daktari bingwa. "Hizi ni makabila mawili, mama. Hazielewani." Mwanabaraka, Mnyaturu aliyeishi miaka thelathini na mume wa Tanga, anajibu, "Subhanallah! Kumbe ndoa yangu ilikuwa muujiza."

Kisha fundi anakohoa. Laptopu ilikuwa imeunganishwa na intaneti ya simu yake mwenyewe, wala siyo na Wi-Fi ya nyumba hii. Anairekebisha kimyakimya, faili linafunguka, na sauti ya marehemu inajaa sebuleni: "Mwanabaraka, zima redio, narekodi." Fundi anasogeza kile kidole safi kwenye kitufe. "Nikate hapo mwanzo, mama?"

"Thubutu uone. Rudisha nyuma, aniagize tena."

Anarudisha, mara tatu, bila kutaja habari za dakika.