Sauti Iliyomtuliza Mume Wangu

Siku ya kwanza aliporudi kutoka kwa wale watafiti, mume wangu hakuzungumzia ndege. Alizungumzia sauti. Nilikuwa nimempakulia wali na samaki changu wa nazi, akala nusu akaacha, jambo ambalo halifanyi hata akiwa na homa.

“Mwenzangu,” akaniambia, “mle ndani kuna sauti ya mwanamke. Ukiisikia unatulia mwili mzima.”

Nikamuuliza mwanamke gani. Akasema hamjui, hakumwona, ni sauti tu inayotoka ukutani. Alisema hivyo huku akitabasamu peke yake. Nikaichukua ile sahani, nikaenda kuiosha kwa vishindo mpaka jirani akauliza kuna nini.

Watafiti wenyewe walitoka Dar es Salaam, wakakodi ukumbi ambao sisi tunafanyia harusi. Ndani waliweka kitu kama gari dogo lisilo na magurudumu, lenye viti, na madirisha yake ni skrini. Walitueleza kwamba zinakuja ndege ndogo za kubeba abiria wachache, kutoka Dar kuja Bagamoyo, kwenda Pangani na Unguja, na kwamba huko mbele hazitakuwa na rubani ndani. Wao hawakuwa watu wa kutengeneza ndege. Walitaka kujua kama sisi tutakubali kupanda, tutaogopa nini, na kitu gani kitatutoa hofu. Wakaomba watu wa kila namna wakae kwenye kile chombo chao, kitikiswe, na wao watazame mapigo ya moyo. Mume wangu alikwenda kwa sababu wenzake wa barazani walimtania kwamba hataweza.

Na mimi nilijua hataweza. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti. Amezifungua na kuzifunga tangu hajaota ndevu, na kwa kuwa anazijua, haziamini. “Mashine ikizimika baharini unapiga kasia,” husema. “Ikizimika huko juu utapiga nini?”

Binti yetu ameolewa Mwanza. Alipojifungua mtoto wa kwanza nilimwomba baba yake twende kwa ndege. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa hasira, nikamwita na kaka yangu aje kumshawishi. Hakusikia. Tukaenda Chalinze kungoja basi, na nilipofika Mwanza miguu yangu ilikuwa imevimba haiingii kwenye kiatu. Alipojifungua wa pili nilipanda ndege peke yangu. Pembeni yangu alikaa kijana aliyelala safari nzima. Niliyatazama mawingu kwa chini, meupe, yametulia, nikatamani mtu wa kumgusa bega nimwambie hebu ona. Mtu mwenyewe alikuwa Bagamoyo, amekaa chini ya boti ya watu na spana mkononi.

Kwa hiyo wivu wangu haukuanzia hewani. Nilimbembeleza miaka na miaka, mimi niliyemzalia na kumuuguza, akaniona napiga kelele. Halafu sauti ya ukutani ikamwambia atulie, akatulia siku hiyohiyo.

Wakamwita tena, kwa sababu walitaka kulinganisha mapigo yake na ya siku ya kwanza. Safari hii alipiga pasi shati, akajifukiza udi.

“Kwani hiyo mashine ina pua?” nikamuuliza.

Akacheka. “Kuna watu mle, mke wangu. Sitaki kwenda kunuka petroli.”

Lilikuwa jibu zuri, na siku nyingine lingenitosha. Siku ile nilisimama dirishani nikamtazama anavyotembea, mwepesi kama anakwenda kuposa.

Barazani nako habari ikawa hiyohiyo. Nilikuwa nikiwasikia kutoka ndani. Mmoja akasema yeye hawezi kupanda chombo kisicho na mtu mbele, kikimuua atamdai nani. Mwingine akasema vitapita juu ya nyua zetu na kuwachungulia wake zetu wakiwa vichwa wazi, na hilo likawafanya wote wapandishe sauti. Mume wangu akawaacha wamalize. Halafu yeye, aliyekuwa akiapa hatapanda hata ndege yenye marubani kumi, akasema, “Akiwemo yule bibi, mimi napanda.”

Yule bibi. Alikuwa keshampa na heshima yake.

Jioni moja jino lilimuuma. Nikaona hapa ndipo pangu. Nikamletea karafuu, nikakaa karibu, nikaishusha sauti chini kabisa. “Tulia,” nikamwambia. “Sasa hivi maumivu yatapungua.”

Akafumbua jicho moja. “Umepatwa na nini? Mbona unaongea kama mtu anayeumwa?”

Nikamtupia zile karafuu mapajani, nikatoka uani. Sikulia, lakini nilikaa kule mpaka mbu wakanirudisha.

Baada ya hapo nikaamua kwenda mwenyewe. Sikumuaga. Nilivaa baibui langu zuri, nikaenda ukumbini nikasema nataka kujaribiwa. Binti mmoja mtafiti, mwembamba, mwenye miwani, akanipokea.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umeshawahi kupanda ndege?”

“Zaidi ya wengi hapa,” nikamwambia, na nikajisikia vizuri kwa kitambo kidogo.

Akanikalisha kitini, akanifunga mkanda, akanibana kidole kwa kidude cha kuhesabia mapigo ya moyo. Mlango ukafungwa. Kwenye madirisha nikaiona pwani yetu kama anavyoiona kunguru: mikoko, barabara ya Kerege, mapaa ya bati yanayong'aa. Palipendeza kuliko nilivyotegemea. Kisha chombo kikaanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu kikashuka ghafla. Hapo ndipo alipoanza kusema.

“Tumeingia kwenye upepo,” akasema. “Chombo kitatikisika kidogo zaidi, kisha kitanyooka. Mimi niko hapa. Utasikia mlio mkubwa upande wa kulia, ni panga za kurushia chombo zinaongeza nguvu.”

Na kweli mlio ukaja upande wa kulia, na kweli chombo kikanyooka. Hakusema usiogope. Hakusema jikaze. Alikuwa akitaja kitakachotokea, na kikitokea, anataja kinachofuata. Sauti yenyewe ilikuwa ya kwetu hasa, ya mwanamke wa mjini aliyelelewa vizuri, kila neno limekaa mahali pake. Nilitafuta kasoro nikaikosa. Nikamchukia mpaka nikauma meno.

Mlango ulipofunguliwa, yule binti alikuwa anaikodolea macho kompyuta yake.

“Mama,” akasema, “wenzako wote, sauti ikianza kusema, mapigo ya moyo yanashuka. Ya kwako yalikuwa sawa muda wote, hata tulipokutikisa. Sauti ilipoanza ndiyo yakapanda. Kuna neno limekutisha?”

“Si woga huo.”

“Ni nini sasa, ili nijue tuandikeje?”

“Andika wivu.”

Alidhani namtania. Akanitazama, akaona simtanii, akaweka kalamu chini. Nikamwambia mume wangu ni nani. Alimjua mara moja, akasema yule mzee fundi ni mchangamfu sana. Hilo nalo halikunisaidia. Nikamuuliza huyo mwanamke anakaa wapi, maana nilitaka kumwona uso.

“Hayupo, mama. Sauti ile imetengenezwa na kompyuta. Hakuna mtu.”

Mtu angetegemea nifurahi. Nilirudi nyumbani taratibu nikipita kwenye vivuli vya kuta, na kila hatua nilizidi kuona nimeonewa. Mwanamke wa kweli ungemtafuta, ungemkuta ana chunusi, ana mdomo mchafu, ana mume wake. Huyu hakuwa na uso hata wa kuugeuzia mgongo.

Mume wangu alikuwa mlangoni ananawa mikono kwa sabuni ya unga.

“Yule bibi wako si mtu,” nikamwambia kabla sijavua viatu.

“Najua. Waliniambia siku ile ya kwanza.”

“Unajua?”

“Ndiyo.”

“Basi mimi nina kasoro gani? Miaka yote nakwambia twende, tulia, hakuna kitu, hukunisikia. Kitu kisichokuwapo ndicho unachokisikia?”

Akaendelea kusugua vidole, kimoja kimoja, ingawa grisi ilikuwa imeshatoka. “Mbele yake naweza kuogopa,” akasema mwishowe. “Hanijui. Mbele yako mimi ni mume wako. Nikitetemeka, nitakaaje nawe kesho yake?”

Nilimwelewa, na bado liliniuma, kwa sababu katika jambo hilo sikuwa na namna ya kumshinda. Nisingeweza kuacha kumjua.

Binti yetu alipojifungua wa tatu, mume wangu akasema mwenyewe twende kwa ndege. Ilikuwa ndege ya kawaida, yenye marubani wake. Aliingia midomo mikavu, akafunga mkanda, akaukaza tena. Baada ya muda tukaingia kwenye mawingu mazito, ndege ikaanza kurukaruka. Rubani akatangaza jambo kwa Kiingereza cha harakaharaka ambacho hatukukishika. Mume wangu akainua macho akatazama juu, kwenye vile vitundu vya spika. Nilijua anamsubiri nani.

Maneno ya yule bibi niliyajua kwa moyo. Ningeweza kuyasema. Badala yake, ndege iliposhuka kwa kishindo, mimi, niliyekuwa nimepanda kabla yake na kujivuna, nikamshika mkono nikasema, “Naogopa.” Ilikuwa kweli. Peke yangu sikuwahi kuogopa hivyo.

Akageuka. “Hiyo hewa tu,” akasema. “Sikiliza mashine. Unasikia? Mlio wake ni uleule, haijabadilika hata kidogo.” Kiganja chake kilikuwa kimelowa, nacho kilikuwa kinatetemeka kama changu. Alinisimulia mashine mpaka tukatokea kwenye jua, na mimi nikamsikiliza kama sijawahi kumsikia akizungumza habari hizo.

Basi pale uwanjani Mwanza, binti yetu akamkumbatia baba yake, akamuuliza amewezaje. Nilisogea nisikie. Akaanza kumsimulia habari za sauti ya ukumbini, yote, kuanzia mwanzo, na jinsi inavyotaja jambo kabla halijatokea. Mimi hakunitaja. Nikamshika mjukuu wangu mkubwa mkono, nikatangulia kwenye gari.

Watafiti wamekwisha kuondoka, na ukumbi umerudi kwenye harusi zake. Hakuna anayejua hizo ndege zitakuja lini, wala kama watu wa hapa watazikubali. Barazani bado wanabishana. Mume wangu anasema zikija atakuwa wa kwanza kukata tiketi. Nimeshamwambia akate mbili. Sitamwacha akae peke yake na yule mwanamke, hata kama ni kutoka hapa mpaka Unguja tu.