Mihogo ya Pulchérie

Kijijini kwao Lweba anaitwa Mama Dany, na hata wazee humwita hivyo. Huku mjini Baraka, anakofanya kazi za nyumbani na kulala kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, hata mtoto wa miaka mitano humwita Pulchérie, tena kwa kelele. Amezoea? Hajazoea. Anaitika tu.

Jumapili alilowesha mihogo ya shamba lake lote katika shimo la maji karibu na mto. Baada ya siku nne lazima itolewe, imenywe, ianikwe. Ikizidi hapo, inaoza. Mumewe yuko kwenye machimbo ya dhahabu, na mgongo wa mama yake hauinami tena. Ndiyo maana aliomba ruhusa mapema, na mwenye nyumba, Mama Tania, akakubali: Alhamisi aende.

Alhamisi asubuhi wakaingia wageni kutoka Mboko.

“Sasa nani atabapikia?” akauliza Mama Tania.

“Mama, mihogo yangu iko mu maji. Itaoza.”

“Mihogo iko na miguu? Itakukimbia? Utaenda kesho.”

Kesho yake wageni walikuwapo bado. Watu sita, wanakula kama wametoka kulima, na Pulchérie anakula ukoko jikoni, amesimama. Kati ya sufuria na sufuria alikimbilia uani kugeuza mihogo ya Mama Tania iliyoanikwa kwenye turubai, maana ole wake ikiguswa na tone la mvua.

Jumamosi aliporudi kwao alipitiliza hadi shimoni, hata mzigo hajauweka nyumbani. Akaingiza mkono. Mihogo ikamponyoka vidoleni kama uji. Chakula cha miezi miwili! Akakaa pale akalia, akamtukana Mama Tania kwa Kibembe, kwa sauti ambayo kule kazini hairuhusiwi kutoka. Waliomsikia ni nzi tu.

Jumapili nzima alijisugua, lakini harufu ya uozo ule iling'ang'ania.

“Pulchérie, unanuka nini?” Mama Tania akauliza Jumatatu.

“Mihogo yangu, mama. Ilioza.”

Mama Tania akamkodolea macho. “Kumbe ilikuwa ya kweli? Mi nilizani unatafuta kwenda kutembea tu.”

Jibu lilikuwa limeshafika kooni. Lakini mawingu yalitanda ghafla, Mama Tania akapiga kelele, na Pulchérie akatoka mbio kuanua mihogo ya watu.