Kioo Kilipozimika Mbele ya Madam Lyimo

Leo niliamini nimefuta alama za kidato cha nne kizima.

Mnajua chumba chetu cha kompyuta: unavua viatu mlangoni, na kila mashine imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi. Madam Lyimo wa hesabu aliniita nimsomee alama za mwisho achape. Amechapa wiki nzima kwa kidole kimoja, na kikao cha wazazi ni kesho.

Nikasogeza kitambaa kilichoning'inia. Kidole kikagusa kitufe cha pembeni mwa kioo.

Kioo kikawa cheusi.

"We mtoto! Umefanya nini?"

"Sijui, Madam."

"Usiguse tena! Usiguse kitu!"

Nikaona taa ndogo ya mashine bado inawaka; labda kilichozimika ni kioo tu. Nikaomba nibonyeze tena palepale. Alifumba macho kama anayesali.

Nikabonyeza.

Alama zote zikarudi, hadi ya mwisho.

Nilingoja kofi. Madam akavuta kiti kando yake.

"Kaa hapa. Nionyeshe umebonyeza wapi." Kisha, kwa sauti ya chini: "Hata mimi naiogopa hii mashine."

Jamani, ninyi mngethubutu kubonyeza?