Seva ya Zahanati Haikuwa Yangu

Iko Jumatatu moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka nashika kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo mwaka uleule, na nimeajiriwa kutunza kompyuta za zahanati moja ndogo hapa Kigali, upande wa Gisimenti. Wewe umeniuliza uchague Linux ipi kwa ofisi uliyoanzia kazi. Nitakujibu, ila nivumilie kidogo, maana jibu langu lilianzia siku ile.

Zahanati ilikuwa na seva moja iliyohifadhi mafaili ya wagonjwa, na kompyuta tatu za mezani. Zote alizipanga Mzee Saidi, fundi wa kwetu Nyamirambo, kabla mgongo haujamlazimisha kupumzika. Kwenye seva aliweka Debian, mojawapo ya hizo Linux, toleo ambalo mimi niliona limezeeka. Unajua Linux, huo mfumo wa kuendeshea kompyuta, hufungashwa na makundi mengi, kila kundi likiipa ya kwake jina. Hizo ndizo tunaziita distro. Nyingine hubadilika taratibu, zikae miaka bila kukushtua. Nyingine hukuletea kila kipya siku kinapotoka. Mimi nilizipenda hizi za pili. Chuoni tulibishana juu yake kama watu wanavyobishana juu ya timu za mpira.

Basi mwezi wa pili tu kazini nikaifuta kazi ya Mzee Saidi, nikaweka distro niliyoipenda mimi, kwenye seva na kwenye kompyuta zote tatu. Jina lake silitaji, kwa sababu haikuwa na kosa; walioitengeneza walieleza wazi ni ya watu wa aina gani. Sikumuuliza mtu yeyote. Niliamini nawaletea maendeleo.

Mapokezi alikaa Mama Consolata, mama wa makamo aliyekulia Bujumbura, mpole, anayejua kila mgonjwa na watoto wake. Tangu nibadilishe mashine, alianza kuandika kila kitu kwenye daftari kwanza, kisha anaingiza kwenye kompyuta polepole, kidole kimoja kimoja. Nilidhani ni umri. Mungu anisamehe.

Jumatatu hiyo nilifika saa moja asubuhi nikasasisha seva kabla wagonjwa hawajajaa. Ikazima, ikawaka, lakini hifadhidata ikagoma. Toleo jipya halikuweza kusoma mafaili yaliyoandikwa na toleo la nyuma. Onyo lilikuwepo kwenye tangazo la watengenezaji, mimi sikulisoma. Nilijaribu hili na lile, jasho linanitoka, na huku nje mabenchi yanajaa.

Mmoja wa waliongoja alikuwa Mzee Venanti, mkulima wa Gahanga, ameletwa na binti yake. Mguu umevimba, kidonda kinanuka, mwili wote homa. Daktari akataka kumchoma sindano mara moja. Mzee akainua mkono.

"Ngoja, docteur. Iko sindano moja ilinitupa chini, kidogo nife. Jina sijui. Lakini waliiandika hapa kwenu."

Daktari akaja mlangoni kwangu. "Hadija, naomba faili la huyu mzee."

"Ni umeme, daktari," nikasema. "Ulikatika, ukaharibu seva."

Taa ya juu ya kichwa changu ilikuwa inawaka. Daktari akaitazama, akanitazama mimi, akarudi kwa mgonjwa.

Nikampigia simu Mzee Saidi. Alikuja kwa pikipiki, mgongo wake ule ule, akashuka taratibu akajishikilia ukutani. Sikuwa na nguvu ya kumdanganya na yeye. Nikamweleza yote, hata lile la umeme. Hakufoka. Aliuliza tu, "Ile mashine yangu ya stoo, umeitupa?"

Nilikuwa nimepanga kuitupa, sijapata nafasi. Tukaifukua nyuma ya maboksi ya glavu. Ilikuwa kompyuta kuukuu aliyoiacha inakili mafaili ya seva kila siku. Kunakili kulikatika siku nilipobadilisha seva, lakini yote ya kabla ya hapo yalikuwemo. Aliiwasha, ikakoroma, ikafunguka. Faili la Mzee Venanti likatokea, na maneno ya daktari wa zamani yakiwa pale juu kabisa: asipewe penisilini.

Nilikimbia mwenyewe na maneno hayo hadi chumba cha daktari. Akampa dawa nyingine. Ile sindano aliyotaka kumchoma mwanzo, mwanangu, ilikuwa penisilini. Nilitoka nikaenda nyuma ya jengo nikalia.

Yalibaki mafaili ya wiki zangu mimi, tangu nibadilishe mashine, yaliyokwama ndani ya seva. Kuyatoa kulituchukua siku mbili. Siku hizo mbili zahanati iliendeshwa na daftari la Mama Consolata, kwani kila mgonjwa wa wiki hizo alikuwemo. Mzee Saidi akalifunua, akashangaa.

"Consolata, mbona unaandika mara mbili?"

Mama akaona haya. "Yoo, Mzee! Hii mashine mpya iko inaandika ingine. Nabonyeza A, inakuja Q. Nabonyeza M, inakuja alama. Nikasema labda ni mimi sijui. Huyu mtoto amesoma, nisimsumbue."

Nilikuwa nimeweka mpangilio wa kibodi ya Kiingereza, na yeye vidole vyake vilifundishwa kibodi ya Kifaransa tangu ujana. Jambo la dakika moja kurekebisha. Wiki zote zile alijiona mjinga kwa sababu yangu.

Mzee Saidi akanigeukia. "Binti, hizi mashine ulimchagulia nani?"

Nikamrudishia Mama Consolata daftari lake. Mzee Saidi akaendelea.

"Mimi nimekaa nyumbani miezi, hakuna aliyenipigia. Nilijua kazi yangu inaendelea bila mimi. Wewe ulitaka seva ya kujivunia, basi iweke kwako uichezee, utajifunza mengi. Hii ni ya Venanti. Na lile la umeme, kalimalize mwenyewe."

Nilikwenda kwa daktari. Nikasema umeme haukukatika, ni mimi. Akafunga kalamu yake. "Najua. Taa ilikuwa inawaka. Nilikuwa nangoja uje." Kisha akaniambia nikaendelee na kazi.

Nikarudisha Debian kwenye seva, Mzee Saidi akiwa pembeni kwenye kiti chenye mto. Kwa kompyuta za mezani nilikaa siku nzima karibu na Mama Consolata, nikitazama tu. Nikagundua anahitaji herufi kubwa, printa isiyomzungusha, kibodi yake, na asiamke akakuta vitufe vimehama. Nikamwonyesha distro mbili azijaribu. Ya pili ilikuwa Ubuntu, lile toleo linalotunzwa miaka mingi. Aliposikia jina alicheka mpaka akavua miwani.

"Ubuntu? Si ni neno letu hilo! Tena iko ku buntu, ya bure?"

"Ya bure, mama."

"Basi weka hiyo."

Wiki mbili baadaye Mzee Venanti alirudi akitembea kwa miguu yake, na mkungu wa ndizi wa kumpa daktari. Mama Consolata alimwandikisha moja kwa moja kwenye kompyuta, vidole vyote kumi vikikimbia, huku akimuuliza habari za mvua ya Gahanga.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze na jina la distro. Kwa seva, chukua inayotunzwa miaka mingi, ambayo fundi mwingine wa hapa Kigali ataielewa siku ukiugua au ukihama. Soma tangazo kabla hujasasisha, jaribu kwenye mashine nyingine kwanza, na nakala uifungue mara kwa mara uone kama kweli inafunguka. Kwa kompyuta ya mezani, kaa na atakayeitumia, umtazame akifanya kazi, ndipo uchague. Vitu vipya vipende, visome, viweke kwenye kompyuta yako. Na ukiharibu, kwa sababu utaharibu, sema mapema. Utashangaa ni wangapi wako tayari kukusaidia.

Mungu akupe mikono mitulivu na sikio la kusikiliza. Watu wakutegemee wala usiwaangushe, na kazi yako iendelee vizuri hata siku ambayo hupo. Amina.