Wimbo wa kwa Padri Usio na Aleluya

Atukuzwe Mungu aliyenivusha njaa na homa nyingi hadi uzee huu, akanibakizia na masikio.

Enzi zetu pale Mpanda, miaka ya sabini, muziki ulikuwa kwaya, ngoma za mavuno na gramafoni ya Padri. Padri yule alikuwa amehudumu Amerika ya Kusini kabla ya kuletwa kwetu. Jumamosi, sisi wasichana wa kwaya tukimaliza kufagia kanisa, alituwekea santuri za wakulima wa milimani huko: filimbi, gitaa dogo, na sauti ya mwanamke kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Kwetu, kilichotoka nyumbani kwa Padri kilikuwa kitakatifu. Nikaushika wimbo mmoja, nikawa nauimba nikipepeta mpunga, maneno nikiyabunia.

Mama akaacha kutwanga. "We mtoto, unamlilia nani?"

"Ni wimbo wa kwa Padri, mama."

"Wa kwa Padri? Siku ya tatu leo nasikiliza, hakuna Aleluya, hakuna Amina. Anaitwa nani huyo kijana?"

Niliapa hayupo. Alipekua daftari zangu, akapapasa hata ndani ya mto wangu. Mwisho akasema kwaya basi, nikaamie ndege shambani wasile mpunga. Na Pasaka ilikuwa imekaribia, mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo! Nililia hadi akakubali kwenda kwanza kumhoji Padri.

"Baba Padri, huyu anaimba nini?"

Padri akaweka santuri, akatueleza polepole. Mume amekwenda kufanya kazi migodini, barua haziji. Mke anauomba mto umpelekee salamu, maana unapita huko aliko.

 Baba alikuwa Tanga kwenye mkonge, mwaka wa pili, bila barua. Mama akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Irudie," akasema.

Njiani akaniambia, "Kwaya utaendelea. Ila kila Jumamosi nakuja kukuchunga." Akanichunga kweli, akikaa karibu na gramafoni kuliko karibu nami.

Baba alishuka treni baada ya mavuno. Siku chache baadaye mama alikuwa akipika, anaimba taratibu. Baba akaweka kikombe chini.

"Mke wangu, huo wimbo kakufundisha nani?"

"Ni wa kwa Padri."

"Wa kwa Padri? Mbona hauna Aleluya?"

Siku hizi wajukuu wanaziba masikio kwa vidude vya simu, wanatabasamu peke yao, nami nawashuku kama mama. Zamani wimbo wa mapenzi ulisikika nyumba nzima, ukaulizwa maswali. Wa leo atauhoji nani? Nawaomba waniazime sikio moja tu.

Nawe unayesoma, Mungu akubariki, na yule unayemngoja amfikishe salama.