Mawe yangu ya miaka saba yaliishia kwenye shimo la barabara, Murara

Wakuu, salamu toka Goma. Humu nasoma tu za wenzangu, siku nyingi sasa. Leo naandika yangu, na sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi bado inanikaa kooni.

Kiswahili changu ni cha huku, mutanivumilia.

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Nilikuwa karani kwenye dépôt moja ya kahawa, kijana bila muke, nakaa na kaka yangu mukubwa kwenye parcelle yake, kiwanja chenye nyumba, kule Murara. Familia yetu ilitoka upande wa Bukavu. Kaka tulimuita Yaya, na neno lake nyumbani lilikuwa sheria.

Mimi nilikuwa na ugonjwa mumoja: mawe.

Chekeni tu. Goma yote ni mawe. Unajenga juu ya mawe, ukuta ni wa mawe, ukianguka unaangukia mawe. Haya meusi ya volkano tunayaita makoro, na hakuna mutu anayeyapenda. Sasa mutu anayelipa gari kwenda kutafuta mawe mengine ayalete nyumbani, si kichaa huyo?

Lakini mimi nilitafuta yenye kitu ndani. Upande wa Lac Vert, pale walipokata barabara ya Sake, ukivunja jiwe unaweza kukuta punje za kijani kama chupa. Hayo nilijifunza mwenyewe, kwa kuvunja na kutupa.

Ya Masisi nilifundishwa. Kulikuwa na mufugaji mumoja, Muzee Bahati. Nilimupelekea chumvi ya ng'ombe, naye alinionyesha pale ng'ombe wanapolamba na kukwaruza udongo mpaka mawe yanatoka nje. Mara ya mwisho alinipa moja kwa mukono wake: jeupe, na ndani yake sindano ndefu nyeusi ya jiwe, nzima, haijavunjika popote. Alikuwa amelificha nyumbani kwake tangu ujana. Mwaka ule akafa, na kilima chake mutu mukubwa fulani akakizungushia waya. Haingii mutu tena.

Miaka saba, wakuu. Mawe sitini na moja, caisse nne za mbao, kila jiwe na namba ya rangi nyeupe, na kaye, daftari nililoandika kila namba ilitoka wapi.

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo kosa langu lilipo.

Siku zile ukikutwa na jiwe linalong'aa unaitwa trafiquant, mutu wa magendo, unalala ndani. Kwa hiyo jibu langu lilikuwa moja tu. Kwenye barrière ya Sake askari walifungua mufuko wakauliza ni nini. Mawe tu, chef. Wakacheka, nikapita. Yaya naye aliniuliza siku moja kama zile caisse hazitamuletea matata. Nikamujibu ni mawe tu, Yaya. Hakuuliza tena.

Basi. Wale wa zamani munaijua salongo: kila Jumamosi, kazi ya lazima ya raia wote. Wiki ile chef wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, alisema kila parcelle ilete mawe madogo ya kujaza shimo lililokuwa linameza magari. Mimi sikuwepo, kazi ilinituma Kalengera kupima kahawa.

Nilirudi Jumapili na jiwe jipya mufukoni. La sitini na mbili.

Nikakuta shemeji, muke wa Yaya, amepanga vitunguu ndani ya caisse zangu.

Nikamuuliza mawe yako wapi. Akanionyesha barabara kwa kidole, bila wasiwasi wowote, akaendelea kuchambua maharagwe.

Yaya alikuwa anakunywa chai. Sikumusalimia. Nilimuambia maneno ambayo mudogo hamuambii mukubwa wake. Muji muzima ni mawe! Uvivu gani huu, mutu ashindwe kupiga nyundo makoro yaliyo nyuma ya choo chake, aje achukue ya kwangu? Alisubiri nimalize. Kisha akasema taratibu:

"Yalikuwa tayari yamevunjwa. Na wewe mwenyewe uliniambia ni mawe tu."

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo ilinipandisha hasira zaidi.

Kesho yake, asubuhi na mapema, nilipiga magoti katikati ya barabara na musumari. Magari yalikuwa yameshashindilia. Nilitoa tisa, namba zimekwaruzika. Jirani akaniona, akadhani nimeona dhahabu. Kufikia saa sita avenue nzima inachimba, wamama wamekuja na masufuria, na shimo likawa kubwa kuliko mwanzo. Jumamosi iliyofuata nani alipewa kulijaza peke yake? Mimi. Kwa makoro, na nilivunja mwenyewe mpaka viganja vikatoka malengelenge.

La Muzee Bahati sikulipata.

Nilihama kwa Yaya. Miaka mingi tuliongea ya misiba na harusi tu. Nikimuona nanuna, na sioni aibu kusema hivyo.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, aliniuliza yale mawe yalikuwa nini hasa. Nikaleta kaye. Nikamusomea yote sitini na moja, nikamueleza Muzee Bahati, ng'ombe na chumvi, na ile sindano nyeusi. Alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye dari.

"Ungeniambia hivi siku ile," akasema, "ningevunja makoro."

Tulimuzika wiki ile ile.

Zamani hasira yangu ilikuwa na pa kwenda, ilienda kwa Yaya. Sasa inarudi kwangu, na mimi sina pa kuhamia.

Kwa hiyo, wewe unayekusanya kitu, iwe mawe, iwe stempu, iwe vipepeo, wakalishe watu wa nyumbani kwako leo uwaambie ni nini na kimetoka wapi. Usingoje waulize mara mbili.

Nimemaliza, wakuu. Mwenye yake aweke hapa chini, nitasoma yote. Ila mutu asiniandikie kwamba yalikuwa mawe tu.