Hodi ya Nzai

Mwaka wa tisini na nane fundi wa kompyuta Ukunda alikuwa Chome, na kwa ukali hakuwa na mfano. Ukimletea mashine iliyojaa mchanga atakusema mpaka ujute. Lakini Bi Biasha wa Mwabungo alipoiweka diski ya nje mezani, sanduku zito la kijivu, aliinuka akampisha kiti. Ilikuwa ya Nzai, mwana wa Bi Biasha na rafiki wa Chome, mpiga picha wa hotelini Diani, aliyegongwa na lori akafa miezi mitatu nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti ya Nzai imo humu, alikuwa akirekodi. Nitolee niisikie. Naanza kuisahau, na hilo ndilo linaloniua."

Chome akaichomeka. Ko, ko, ko. Nywele zikamsisimka. Hivyo hasa ndivyo marehemu alivyokuwa akibisha mlangoni.

"Umemsikia?" akauliza mama. "Kila magharibi naiwasha, anabisha, nami namwitikia karibu."

Yarabi! Chome akauchomoa waya upesi. Kilichokuwa kikibisha ni ule mkono wa ndani wa kusomea diski, uliovunjika, na kila diski ikiwashwa hukwangua yaliyohifadhiwa. Miezi mitatu mama wa watu anamkaribisha mwanawe, na kwa kila karibu anamfuta! Amwambieje? Alimwambia, maana kumficha kungekuwa unafiki. Bi Biasha akajishika kichwa.

Chome akaifunga diski kwa nailoni, akailaza siku nzima kwenye friza ya muuza samaki. Baridi huweza kuipa diski pumzi ya mwisho. Kesho yake, mama akiwa ameketi kando, akaiwasha. Ikazunguka kimya. Faili moja likanakiliwa kwenye kompyuta, kisha ko, moja tu, diski ikafa.

Spika zikaleta sauti ya Bi Biasha mwenyewe, akisimulia hadithi ya fisi na kisima.

"Ala! Huyu si mimi? Mimi sikuja kujisikiliza!"

Chome alitamani ardhi immeze. Ndipo kikasikika kicheko cha Nzai, karibu kabisa: "Basi, mama, umechoka. Utanimalizia kesho."

Na kesho hiyo ndiyo siku lile lori lilipomgonga.

Bi Biasha akaweka kiganja juu ya diski. Kisha akasogeza kiti.

"Haya, Nzai," akasema. "Fisi alipofika kisimani, akakuta maji yamekauka..."

Chome akazima feni, akafunga mlango wa duka, mama amalizie.